Andika kwa Fonti Gani? Uhakiki wa Fonti Andika kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Katika makala haya nahakiki kitu chenye jina jema la Kiswahili ambacho wengi wetu tunaosoma lugha hii hatujakitumia: fonti iitwayo Andika. Fonti hii iliundwa na SIL, shirika la kimataifa linaloshughulika na lugha na maandishi, ikakusudiwa hasa kwa wanaojifunza kusoma. Waundaji wake wanaeleza wazi kwamba jina limetoka katika Kiswahili, nalo ni ile amri ya mwalimu kwa mwanafunzi: andika!

Hapa Gitambi, katika wilaya ya Rusizi, jina hilo lina nguvu kuliko walivyokusudia. Mtoto ambaye hajawahi kusikia sentensi moja ya Kiswahili analielewa, kwa sababu kwa Kinyarwanda kuandika ni kwandika na amri yake ni ile ile: andika. Neno moja linawaamrisha watoto wa lugha mbili. Ni jina ambalo fonti chache duniani zingeweza kujivunia.

Lakini jina ni ahadi. Hoja yangu katika uhakiki huu ni kwamba fonti iliyojiita kwa Kiswahili inafaa kupimwa kwa Kiswahili chote kilichowahi kuandikwa, si kwa kile tu tunachokiandika leo. Kwa kipimo hicho Andika inafaulu vizuri upande mmoja na kukosekana kabisa upande wa pili. Pengo hilo linatufundisha jambo sisi wanafunzi: kuchagua, kusakinisha na kupanga fonti katika kompyuta zetu za nyumbani ni sehemu ya kazi ya isimu na fasihi, wala haifai kuachiwa fundi wa kompyuta au muuza duka la kutoa nakala.

Huenda msomaji akauliza kama fonti ni kitu cha kuhakikiwa. Najibu kuwa tumezoea kuhakiki kazi kwa maudhui na fani. Tunapohakiki utenzi tunahesabu mizani na kutazama vina. Vina hivyo vimebebwa na herufi, na herufi zina umbo ambalo mtu fulani alilichora kwa uamuzi fulani. Uamuzi ukiwapo, uhakiki unawezekana.

Herufi ni moja, umbo ni jingine

Kabla ya kuihukumu Andika, tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Ndani ya kompyuta herufi ni namba. Mfumo wa Unicode umeipa kila herufi ya kila hati namba yake: herufi ŋ, kwa mfano, ni U+014B popote duniani. Namba hiyo haina sura. Sura huletwa na fonti, ambayo ni faili lenye michoro ya herufi pamoja na maelekezo ya namna ya kuzipanga. Namba ikiwapo na mchoro ukakosekana, kompyuta hutafuta fonti nyingine yenye mchoro huo. Isipoipata, huweka kisanduku kitupu. Google ilipotengeneza mkusanyiko wake mkubwa wa fonti iliuita Noto kwa sababu ya visanduku hivyo, ambavyo watu wa fani hiyo huviita tofu: azma yao ilikuwa tofu zisionekane tena.

Kabla Unicode haijaenea, hali ilikuwa mbaya zaidi. Fonti za zamani za fonetiki zilipachika alama zake juu ya herufi za kawaida. Mtu aliandika N kubwa, fonti ikaichora kama ŋ. Aliandika S kubwa, ikaonekana kama ʃ. Mwenye fonti hiyo aliona unukuzi safi wa kifonetiki. Asiyekuwa nayo aliona N na S. Nimepewa maandishi ya kozi ya fonetiki ambayo yamepitia mikono na kompyuta nyingi, na ndani yake neno ng'ombe limenukuliwa kwa N kubwa na neno shamba kwa S kubwa. Mwanafunzi asiyejua historia hii huziiga herufi hizo katika daftari lake akidhani ndiyo alama halisi za kifonetiki. Hapo fonti iliyokosekana imegeuka kuwa kosa la kitaaluma, na kosa hilo linaendelea kurithishwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi jingine.

Ndiyo maana nasema suala hili halihusu urembo wa ukurasa. Linahusu ukweli wa kile tunachokisoma.

Inachokifanya vizuri

Nimeitumia Andika kwa muhula mzima kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, katika kazi za fonolojia na katika maandishi mafupi ninayowaandalia wadogo zangu wanaoanza kusoma. Katika kazi hizo mbili imenitumikia vizuri.

Tuanze na watoto. Katika vitabu vingi herufi ndogo ya kwanza ya alfabeti huchorwa na kigongo juu yake, umbo ambalo mtoto hafundishwi kuliandika kwa mkono. Anaandika mduara na kijiti, kisha anaambiwa asome kitu kisichofanana na alichoandika. Andika inachora a kama inavyoandikwa na mkono, na g vilevile. Anayetaka umbo la vitabuni anaweza kulichagua, kwa sababu fonti inabeba maumbo ya ziada kwa baadhi ya herufi. Kanuni iliyoongoza uchoraji ni kwamba herufi zisichanganywe: I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zisidhaniwe kuwa kitu kimoja.

Kwetu kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Wazungumzaji wa Kinyarwanda wanaojifunza Kiswahili hutatizwa na r na l, kwa sababu lugha yetu ya kwanza haizitenganishi kwa namna Kiswahili kinavyozitenganisha. Kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura ni jozi ambazo mwalimu wa Rusizi huzirudia kila mwaka. Mtoto ambaye sikio lake bado linajifunza tofauti hii hana budi kusaidiwa na jicho. Herufi ya l iliyo wazi, isiyofanana na I wala 1, ni msaada wa kweli. Fonti haiwezi kumfundisha matamshi, lakini inaweza kuacha kumwongezea mzigo.

Kwa upande wa isimu, Andika ina alama za fonetiki tunazozihitaji: ŋ ya ng'ombe, ʃ ya shamba, θ ya thamani, ð ya dhahabu, ɣ ya ghala, pamoja na ɓ na ɗ za wanaotaka kuonyesha kuwa b na d za Kiswahili mara nyingi hutamkwa kwa kuvuta pumzi ndani. Inapanga vizuri pia alama za juu ya irabu. Hilo linawafaa wanaolinganisha Kiswahili na Kinyarwanda, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kinyarwanda hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, ilhali neno inda laweza kuwa tumbo au chawa kutegemea linavyotamkwa. Mwanaisimu lazima aweke alama, na alama lazima ikae juu ya irabu yake, isielee pembeni.

Ina kasoro za kimatumizi. Nafasi kati ya mistari ni kubwa, kwa sababu fonti imeacha mahali pa alama za juu na za chini, na anayelipia kila ukurasa anaochapisha atalihisi jambo hilo mfukoni. Tena, kwa jicho lililozoea tasnifu, ukurasa wa Andika unafanana na kitabu cha darasa la kwanza. Nakubali. Lakini mazoea hayo nayo yana historia. Times New Roman, ambayo idara nyingi huidai katika kazi za wanafunzi, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Mwaka huo huo huko Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah, lililotoka kwa Kiarabu na Kiswahili. Herufi za gazeti la London ndizo zilizokuja kuwa sura ya heshima ya tasnifu ya Kiswahili. Sisemi tuiache Times New Roman. Ile ya leo ina alama nyingi za fonetiki na inasomeka vizuri. Nasema tu kwamba hata fonti inayoonekana haina upande wowote ilizaliwa mahali, na kwa shughuli fulani.

Alama ndogo ya ng'

Kipimo cha pili ni alama moja ndogo inayosumbua kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika ilipendekeza alfabeti ya lugha za Afrika iliyokuwa na ŋ. Luganda ina herufi hiyo hadi leo. Kiswahili Sanifu kikabaki na ng', yaani herufi mbili na alama ya juu, njia inayowezekana kwa taipureta yoyote. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati ule. Kompyuta imeufanya uwe mgumu.

Alama hiyo ina namba zaidi ya moja. Iko ile iliyonyooka, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi. Iko ile iliyopinda, ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe badala ya iliyonyooka. Iko ya tatu ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili, na ambayo ni nadra kuikuta katika maandishi yetu. Kwa jicho zinakaribiana. Kwa kompyuta ni vitu vitatu. Nilipokusanya matini za kazi ya mofolojia, baadhi zilizoandikwa kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, nilitafuta neno ng'oa na kupata sehemu tu ya mifano iliyokuwamo. Mingine ilikuwa na alama iliyopinda. Programu ya kuorodhesha maneno niliyoitumia ilifanya kubwa zaidi: ilikata kila neno kwenye alama, ikanipa "ng" na "oa" kama maneno mawili. Kwa orodha hiyo mtu angeweza kudai kwamba Kiswahili kina neno "ng" linalotumika mara nyingi sana.

Sisi wa Rwanda tuna sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili. Katika Kinyarwanda alama hiyo hiyo hutenganisha maneno mawili baada ya irabu kudondoshwa: umwana w'umuhungu. Programu inayokata kwenye alama inasema kweli kuhusu Kinyarwanda na uongo kuhusu Kiswahili. Kitufe kimoja cha kibodi kinafanya kazi mbili zinazopingana, katika lugha mbili zinazoandikwa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja.

Andika inachora alama zote tatu, na inazichora vizuri. Lakini hapa tunafika kwenye mpaka wa fonti yoyote. Fonti inatoa sura, haiamui kitahajia. Kuamua kwamba katika matini zetu ng' itaandikwa kwa alama moja tu, na kuzibadilisha nyingine zote kabla ya kuhesabu chochote, ni kazi yetu. Ningependa kuona mwongozo wa uandishi wa kazi za wanafunzi wa Kiswahili unaotaja jambo hilo kwa mstari mmoja, kama unavyotaja ukubwa wa herufi na upana wa pambizo.

Nusu iliyokosekana

Sasa nafika kwenye pengo. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini. Nakala ya Utendi wa Tambuka inayojulikana kuwa ya mwaka 1728 iko katika hati hiyo. Tenzi tunazozichambua darasani kwa herufi za Kilatini nyingi ziliandikwa hivyo na watunzi au wanakili wake. Andika, fonti yenye amri ya Kiswahili, ina herufi za Kilatini na za Kikirili, ambazo ndizo za Kirusi. Haina hata herufi moja ya Kiarabu. Kirusi kinaandikika kwa Andika. Nakala za Tambuka haziandikiki.

Siwezi kuwalaumu waundaji kana kwamba wamekataa kazi. Kuchanganya hati mbili zenye mwelekeo tofauti katika fonti moja si lazima kulete uzuri, na SIL ina fonti nyingine za hati ya Kiarabu, ikiwamo Scheherazade, iliyopewa jina la msimulizi wa Alfu Lela Ulela. Iko pia Amiri ya Khaled Hosny, nzuri kwa vitabu. Lakini tazama orodha ya SIL kwa makini. Imo Harmattan, iliyopewa jina la upepo wa Afrika Magharibi na kuundwa kwa ajili ya mahitaji ya waandishi wa huko. Imo Alkalami, inayofuata mwandiko wa Kano, na jina lake ni la Kihausa. Afrika Magharibi imepewa jina pamoja na mwandiko wake. Afrika Mashariki imepewa jina la fonti, lakini katika orodha hiyo sikuona fonti iliyochorwa kufuata mkono wa wanakili wa Pate, Lamu na Mombasa.

Kwa nini mwanafunzi wa Gitambi ajali? Kwa sababu hati hiyo inabeba maswali ambayo matini za Kilatini zimekwisha kuyajibu bila kutuuliza. Kiarabu hakina p, ch wala v, na alama zake za irabu ni tatu tu. Mwandiko wa zamani uliweza kutumia ب moja kwa b, p na mb, ili msomaji ajue mwenyewe kama ni bata, pata au mbata. Alama ya i ilibeba pia e, na ya u ikabeba o, hata pita na peta, tua na toa zikawa na sura moja. Kila tunaposoma utenzi kwa Kilatini tunasoma pia uamuzi wa mtu aliyenukuu. Mara nyingi uamuzi wake ni sahihi. Lakini mhakiki ambaye hawezi hata kuifungua matini ya asili kwenye kompyuta yake bila kuona visanduku hana namna ya kuuliza swali.

Wapo waliofanya kazi hiyo. Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyefanya kazi SOAS huko London, aliandika pamoja na P. J. L. Frankl makala yaliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Royal Asiatic Society, wakipitia historia ya uandishi wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kupendekeza utaratibu kamili wa kuandika sauti zote, pamoja na e na o. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza zana za kompyuta za kuandika na kubadilisha Kiswahili kati ya hati hizo mbili, akiegemea utaratibu wa Mu'allim Yahya. Na zana hizo aliziitaje? Andika! kwa alama ya mshangao.

Kwa hiyo tuna Andika mbili. Moja inaandika Kiswahili cha Kilatini na haijui Kiarabu. Nyingine ilibuniwa ili Kiswahili kirudi kuandikwa kwa Kiarabu. Zimekutana kwenye neno moja bila kukutana kwenye ukurasa mmoja. Kwangu hilo ndilo jambo la kuhakikiwa kuliko yote: lugha yetu ina nusu mbili za maandishi, na zana zake zimegawanyika kwa mstari ule ule. Wa kuziunganisha ni mwenye kompyuta, nyumbani kwake.

Kupanga fonti nyumbani

Kuziunganisha si kazi kubwa. Fonti hizi hupakuliwa bure zikiwa faili moja lililobanwa. Kosa la kawaida ni kulifungua faili hilo kwa kuchungulia tu na kudhani fonti imeingia. Lazima kwanza liachuliwe kwenye folda yake. Ndani mtakuta faili zinazoishia na ttf, kwa mfano Andika-Regular, Andika-Bold na Andika-Italic. Hizo ndizo za kusakinisha. Folda iitwayo web ni ya wanaotengeneza kurasa za intaneti, mnaweza kuiacha. Kwenye Windows, bonyezeni faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kusakinisha. Kwenye Linux, nakilini faili kwenye folda ya fonti iliyo ndani ya akaunti yenu. Fungeni programu ya kuandikia na kuifungua tena ili iione fonti mpya. Kwa sisi tunaonunua intaneti ya simu kidogo kidogo, mmoja akipakua huwapelekea wengine kwa flashi, na leseni ya fonti hizi inaruhusu. Inaitwa SIL Open Font License: unaweza kuzitumia, kuzinakili na kuzigawa bure, mradi usiziuze peke yake. Kwa Kinyarwanda tungesema ni ku buntu. Fonti za kibiashara zinazozunguka kwenye flashi haziko hivyo.

Shauri langu la pili ni kusakinisha chache. Nimeona kompyuta za wenzangu zenye fonti mamia, nyingi za mapambo ya kadi za harusi, mpaka orodha haisomeki na mwenyewe hajui ipi ina ŋ na ipi haina. Mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji kama nne: moja ya kazi rasmi, moja yenye alama zote za fonetiki, moja ya hati ya Kiarabu, na ile ya zamani ya fonetiki ikiwa tu ana maandishi ya kale ya kufungua. Hiyo ya mwisho aitumie kusomea na kugeuza maandishi hayo kuwa Unicode, asiandikie kitu kipya. Toleo jipya la fonti likija, la zamani liondolewe kwanza, yasije yakakaa mawili yenye jina moja.

La tatu, na ndilo lililowagharimu wengi, ni kusafiri kwa faili. Kazi iliyoandikwa kwa Andika ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Andika, programu huweka fonti nyingine kimyakimya. Mistari inasogea, jedwali linavuka ukurasa, namba za kurasa katika yaliyomo hazilingani tena. Upande wa Kiarabu huharibika zaidi: herufi moja ikikosekana na kuchukuliwa kutoka fonti nyingine, kiungo na jirani yake hukatika na neno hugawanyika vipande. Mwenzangu alichapishiwa hivyo kazi yake ya nakala za tenzi katika duka moja la kutoa nakala, siku ya mwisho ya kukusanya, na mhadhiri akasoma maneno yaliyokatika kama kutojua hati. Alama alizopoteza zilitokana na fonti, wala hakukuwa na mahali pa kulieleza hilo.

Dawa ni mbili. Hati iliyokamilika igeuzwe kuwa PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani. Hati ambayo bado inahaririwa na msimamizi ipachikwe fonti: katika Microsoft Word chaguo hilo limo katika mipangilio ya kuhifadhi, na katika LibreOffice limo katika sifa za hati, sehemu ya fonti. Wanaotumia Linux bila Times New Roman wajue kwamba Liberation Serif ilitengenezwa kwa upana ule ule wa herufi, kwa hiyo mistari haisogei.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Lugha rasmi huandikwa kwenye barua, mitihani, vitabu vya shule na tasnifu, na karibu vyote hivyo leo huanzia kwenye kompyuta. Andika ni fonti njema kwa mtoto anayeanza kusoma na kwa mwanaisimu anayenukuu sauti. Ninaipendekeza kwa hao wawili bila kusita. Haitoshi kwa mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuona utenzi kabla haujapita kwenye kalamu ya mnukuzi, na jina lake lisitufanye tudhani kwamba inatosha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wahadhiri wetu: kozi ya fonetiki ianze kwa kuhakikisha kila mwanafunzi ana fonti yenye alama zitakazofundishwa, na kozi ya fasihi simulizi na tenzi iwe na walau wiki moja ya kufungua nakala za hati ya Kiarabu kwenye kompyuta. Kwa wenzangu: kabla ya kubishana kuhusu neno katika utenzi, tuulize liliandikwaje, na kama kompyuta zetu zina herufi za kutuonyesha. Fonti za kufanya hivyo zipo, ni za bure, na zinatosha kwenye flashi moja.